Nilijipa Sifa ya Kisanduku, Kilipoharibu Mambo Nikamtaja Mwenyewe

Mimi ni mkosaji. Nianze hapohapo, maana nikizungukazunguka nitaishia kujitetea, na kujitetea nimejitetea tangu ujana wangu mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Nilimuuza ndugu yangu. Nilimuuza kwa kutaja jina lake mara moja tu, mchana kweupe, katika ofisi moja pale Muleba, nikiwa nimeshika kofia mkononi.

Na kinachoniua, msomaji wangu, ni kwamba siku hiyo nilisema kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nimedanganya, na baada ya hapo nimedanganya sana, lakini lile neno lililomwangamiza mwenzangu lilikuwa la kweli.

Jina langu sitaliandika. Yeye nitamwita Anselmi, ingawa si jina lake, kwa sababu watoto wake wapo na najua mmoja wao hununua gazeti hili.

Mimi ni mtoto wa Kahororo, yeye wa Kibeta. Tulikaa dawati moja shuleni, tukaibiana mihogo, tukapigana, tukapatana. Tulipoanza kuota ndevu tukafanya omukago. Kwa asiyejua mambo yetu Wahaya, huo ni udugu wa damu. Mjomba wake alipasua ganda moja la kahawa, akatoa punje mbili. Kila mmoja wetu alichanjwa kidogo karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, mwenzake akaimeza. Halafu tukaapa kwamba atakayemsaliti mwenzake tumbo lake livimbe. Jumapili tukaenda misa kama kawaida, na padri hatukumwambia kitu.

Tangu siku ile mama yake akawa mama yangu. Nikifika Kibeta alikuwa ananipakulia ndizi kabla sijakaa.

Baadaye nilipata nafasi ya kusomea ufundi Dar es Salaam. Niliporudi nikapewa kazi ya serikali, na watu wakaanza kuniita injinia. Maawe, jina lile lilivyokuwa tamu! Ukweli ni kwamba nilijua kusoma michoro na kusaini fomu. Anselmi hakuvuka darasa la nane, lakini alikuwa anainusa redio kwanza, anakwambia kilichoungua, ndipo anatafuta bisibisi.

Alikuwa fundi redio Bukoba mjini, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mhindi mmoja. Huyo nitamwita Mzee Ramji. Mzee Ramji alikuwa na televisheni. Huku bara hatukuwa na kituo, lakini ile yake ilikamata Kampala kutoka ng'ambo ya ziwa, picha ikiwa na chengachenga tupu. Aliyeitazama zaidi ni mama yake Ramji, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imekufa. Akitaka kuizima ilibidi aite, aite tena, mpaka mtu aache mteja dukani amfuate.

Anselmi alimwonea huruma yule bibi. Hakuna kingine. Hakuwa anatafuta sifa.

Akatengeneza kisanduku kwa vipande vya redio mbovu, akakipa jina la Sikio. Kilikuwa kinasikia mlio wa vyuma viwili vifupi vikigonganishwa, mlio mwembamba sana ambao sisi tuliusikia kwa shida. Mbwa wa Ramji ndiye alikuwa anausikia vizuri, anainua kichwa. Ukigonga vyuma ukiwa kwenye kiti chako, televisheni kule inazima. Hakuna waya, hakuna kuinuka!

Shida ikawa moja. "Munywani," aliniambia, kwa maana rafiki yangu wa damu, "kinasikia, lakini hakishiki. Nikigonga kinazima, sekunde ile ile kinawaka tena. Nataka kitu ambacho nikigonga mara moja kinazima na kubaki hivyo, nikigonga tena kinawasha."

Mimi nilikijua kitu hicho. Ilikuwa rilei ya mitambo ya simu, na stoo ya ofisini kwetu zilikuwepo. Nikachukua moja nikaitia mfuko wa koti bila kusaini popote. Huo ndio mchango wangu wote, mimi injinia, katika uvumbuzi ule: kitu cha ukubwa wa kiberiti, tena cha kuiba.

Siku ya majaribio bibi aligonga vyuma, televisheni ikafa. Akapiga ukelele! Akagonga tena, ikafufuka. Aliwasha na kuzima, akawasha na kuzima, mpaka Mzee Ramji akamsihi aache watu waone picha. Anselmi alikuwa amesimama mlangoni anafuta mikono kwenye kaptula, anacheka bila sauti.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Wazungu walikuwa wameshatengeneza kitu kama hicho kabla yetu. Anselmi hakujua, wala mimi. Alikitoa kichwani mwake mwenyewe, pale Bukoba.

Kuna jambo alilonionya, na naomba ulishike. Mzee Ramji alipotoa funguo zake kufunga duka, televisheni ilizima yenyewe. Anselmi alihangaika siku mbili kabla hajagundua. "Ni funguo!" akaniambia. "Zikigongana zinatoa mlio ule ule. Munywani, ukikitumia mahali penye mtu mwenye funguo, kichomoe kwanza." Nilisikia kwa masikio yangu yote mawili, na siwezi kusema sikuambiwa.

Enzi zile ni za Azimio la Arusha. Vijiji vya ujamaa ndiyo vinaanza, na kila kwenye mkutano wanatafuta kitu cha kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza. Pale Muleba wakawa wanaandaa ugeni mkubwa, nami nikaitwa kwenye kikao kwa ajili ya vipaza sauti. Nikafungua domo langu. Nikasema nina mtambo wa kuwasha na kuzima kipaza sauti kwa mbali, bila waya.

"Umetoka nchi gani?" mwenyekiti akauliza.

"Nimeubuni mwenyewe, waitu," nikajibu, kwa maana mheshimiwa.

Mwenyewe! Neno lilinitoka kabla sijalifikiria. Wakapiga makofi, mmoja akainuka kunipa mkono. Nilikuwa na nafasi ya kusema, jamani, tuko wawili, tena mwenzangu ndiye hasa. Nikakaa kitako nikatabasamu.

Anselmi nilimwambia ninakihitaji kisanduku wiki moja, nikakipime na vyombo vya ofisi. Hakuuliza swali hata moja. Alivua sweta lake akakifunga ili kisitikiswe kwenye basi. "Vyuma vyake usivichanganye na vingine," akasema, akaenda kumwomba radhi yule bibi kwa kumnyang'anya starehe yake.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka nje ya wilaya, akafika na Landrova yake, akapigiwa ngoma, akavishwa shada. Nikaitwa mbele. Nikagonga vyuma nikiwa mbali kabisa na jukwaa, kipaza sauti kikazima. Nikagonga, kikawaka. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele! Mgeni akanishika bega, akasema, "Huyu ndiye injinia tunayemtaka!" Wallahi sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ilikuwa ya mtu mwingine.

Nikaenda kuchomoa kisanduku. Mgeni akanizuia. "Kiache. Wakisinzia nitawaamsha nacho." Watu wakacheka, nami nikacheka nikakiacha.

Akaanza hotuba. Na yule bwana alikuwa na mazoea ya wakubwa wengi wa wakati ule, anaongea huku anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Ndugu wananchi," akasema, "anayerudisha nyuma maendeleo yetu tunamjua. Mtu huyo ni..." Akatikisa funguo. Kimya! Mdomo unacheza, sauti hakuna. Akatikisa mkono kwa hasira, funguo zikalia, sauti ikarudi katikati ya neno. Akaanza upya. "Nasema mtu huyo ni..." Kimya tena, na kidole chake wakati huo kilikuwa kimegeukia kifua chake mwenyewe.

Mtu mmoja akaangua kicheko nyuma. Halafu uwanja mzima.

Mimi nilijua tangu mlio wa kwanza. Nilijua! Ningepiga hatua tano, nichomoe waya, basi. Lakini sikwenda. Ningesema nini? Mheshimiwa, ni wewe unayejizima? Nilisimama pale mpaka mtu akazima jenereta na mkutano ukafa.

Watu wa usalama wakanipeleka ofisini. Walikuwa watatu, mmoja anaandika. Kisanduku kilikuwa mezani, kimefunguliwa, sweta la Anselmi chini yake. Na kumbuka, wakati ule mpaka wetu na Uganda ulikuwa umechafuka. Mtu akionekana na kitu asichoelewa mwenzake, anatiliwa shaka.

"Kitu hiki kimewahi kufungwa wapi?"

"Kwenye televisheni ya Mhindi mmoja, Bukoba."

"Inayokamata wapi?"

"Kampala."

Wakatazamana. Yule anayeandika akaacha kuandika. "Na kinapokea amri kwa mlio ambao watu hawausikii. Nani aliyekitengeneza?"

Nikalitazama lile sweta.

"Kwenye kikao ulisema ni wewe."

"Nilidanganya, waheshimiwa. Si mimi. Ni Anselmi, fundi redio. Anakaa Kibeta."

Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Sifa zilipokuwepo kisanduku kilikuwa changu, balaa lilipokuja kikawa chake. Na nilikuwa na maneno ya kutuokoa wote wawili: chukueni funguo, zitikiseni, mtaona wenyewe. Nisingemaliza hata dakika. Lakini nilimwogopa yule mkubwa aliyeaibika, na niliogopa wakiendelea kukichimba kisanduku wataiona rilei ya stoo. Nikayameza. Wakaniletea chai, nami nikainywa.

Walimchukua Anselmi kesho yake akiwa anaanua kahawa uani. Mama yake ndiye aliyenieleza, amekuja kwa miguu kutoka Kibeta mpaka kwangu Kahororo. Alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, wewe ni injinia, unajuana na wakubwa. Nenda Muleba ukamsemee mwenzio."

"Nitakwenda, mama."

Nilikwenda kweli. Nilipanda basi, nikashuka Muleba, nikanunua ndizi za kuchoma pale stendi nikazila nimesimama. Ofisi ilikuwa naiona kwa macho. Basi la kurudi lilipokuja nikapanda. Nikamwambia mama wamesema tusubiri. Akanibariki! Ole wangu, yule mama alinibariki kwa safari ile.

Mjini watu wakatafuta wa kumlaumu, wakampata kwa urahisi. Wakasema ni Mzee Ramji, amemchongea fundi wake ili kuokoa duka. Mzee Ramji akaja ofisini kwangu, amevaa malapa, amechakaa. "Injinia, wewe sema. Mimi sikutaja mtu. Wewe unajua." Nikamjibu kwamba mambo ya serikali siyajui. Hakukaa sana mjini baada ya hapo. Nilimwona siku ya kuondoka bandarini, wamembeba mama yake kwenye kiti, naye bibi anauliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika Anselmi yuko wapi aje kumuaga.

Anselmi alikaa kizuizini mpaka kahawa ilivunwa mara mbili. Mama yake hakumwona tena. Alikufa anaulizia, nami nilisimama kaburini mahali pa mwanawe, kwa sababu ya omukago, na watu wakanisifu kwa uaminifu.

Aliporudi, mtu wa kwanza aliyemtembelea nilikuwa mimi. Siyo kwamba nilimfuata. Yeye ndiye alikuja kwangu! Amekonda, anapinda kichwa upande mmoja akisikiliza. Sikio la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto limeanza. Alivyofanywa huko hakuwahi kuniambia. Alinikumbatia akanishukuru kwa kumzika mama.

Halafu akainamia sikio langu, akasema kwa sauti ya chini, "Waliniuliza kila siku rilei imetoka wapi. Nilisema nimeokota jalalani. Hawakuamini, ndiyo maana nilikawia. Lakini wewe sikukutaja, munywani."

Jamani! Jamani, nisomeeni hapo mara mbili. Mimi nilimtaja katika kikao cha robo saa, kwa kikombe cha chai. Yeye alikaa misimu miwili asinitaje.

Nikasema nini? Nikasema, "Asante, ndugu yangu."

Toka hapo hakushika tena bisibisi. Alirudi kwenye migomba na kahawa. Alimlaani Mzee Ramji mpaka mwisho, mtu asiye na kosa, nami nilikaa pembeni nikitikisa kichwa kukubali. Kila nilipokwenda Kibeta alinitolea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, kama desturi yetu kwa mgeni anayeheshimiwa. Kila punje niliyotafuna niliona ile ya kwanza. Tumbo langu halijavimba kwa nje, lakini miaka yote hii sijala chakula nikakisikia utamu. Mke wangu alinizoea hivyo, akafa bila kujua alikuwa anaishi na nani.

Nikasema nitamwambia Pasaka. Pasaka ikapita. Nikasema wakati wa senene, tukiwa tumefurahi. Senene wakaja, tukala, wakaisha. Nikazeeka.

Mwaka jana ndipo nilijikaza. Nilisikia anaumwa, nikaenda. Nilimkuta sebuleni anatazama televisheni isiyo na sauti, maana kwake sauti ilikuwa haina kazi tena. Binti yake alikuwa ameshika rimoti. Anselmi aliponiona akaichukua mkononi mwa binti, akainyanyua juu akicheka.

"Unaona? Wamelifanya dogo!" akasema. "Sisi tulikuwa na sanduku zima!"

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nikasema, "Anselmi, ni mimi niliyekutaja. Pale Muleba. Siyo Ramji. Ni mimi."

Akakunja uso. Akaweka kiganja nyuma ya sikio la kushoto.

"Sema kwa nguvu, munywani. Sisikii."

Binti yake akageuka. Mlangoni walikuwa wamesimama majirani wawili na katekista aliyekuja kumwombea. Wote wakawa wananisubiri, mimi injinia, rafiki mwaminifu aliyemzika mama yake.

Nilipumua. Nikafungua mdomo. Mungu wangu, nikapaza sauti: "Nasema nimekuja kukusalimia!"

Akacheka, akanipigapiga mgongoni. "Asante kwa kuja," akasema. "Editha, mletee kahawa."

Nilitafuna.

Alikufa kabla ya mwezi kwisha. Kwenye mazishi waliniweka mbele tena. Editha akaniletea kitambaa, ndani yake vile vyuma viwili vifupi. Nilikuwa nimevitupa sijui wapi siku ile ya Muleba. Kumbe baada ya kutoka kizuizini alikata vingine, akavihifadhi. Akaacha neno nipewe mimi, kwa sababu kisanduku tulikivumbua pamoja.

Pamoja!

Nyumbani kwangu wajukuu wananiachia rimoti juu ya kiti. Siigusi. Nainuka na miguu yangu hii mibovu naenda kuizima televisheni kwa kidole, wao wananicheka.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu uliyemkosea na mtu huyo bado yupo, usisubiri Pasaka. Usisubiri wageni waondoke. Nenda leo na mavazi uliyovaa, umwambie wakati masikio yake yanafanya kazi, na akikwambia hakusikia, rudia hapohapo, hata kama katekista yuko mlangoni. Ukinyamaza sasa utakuja kupiga kelele gazetini kama mimi, kwa watu usiowajua.

Na wewe mtoto wa Anselmi unayenunua gazeti hili, vyuma vya baba yako ninavyo, ni vyenu. Aliyemtaja baba yako ni mimi. Hapa nimesema kwa nguvu.